Kufichwa Mlango Si Kurahisishiwa Njia

Wapo wanaodai kuwa chombo kizuri cha kupangia programu ni kile kinachomwondolea mtumiaji maswali. Mimi napinga.

Tuchukue Kconfig, lugha inayotumika tangu mwaka 2002 kuchagulia vipengele vya kerneli, yaani kiini cha Linux. Ina maneno mawili ya kuzingatia. La kwanza, "depends on", huweka sharti: bila kitu fulani, kipengele hiki hakichaguliki. La pili, "select", hulazimisha: ukichagua hiki, na kile huwashwa papo hapo, hata kama mahitaji yake hayajatimizwa. Kconfig hutoa onyo tu, kisha huendelea. Ujenzi wa kerneli unaweza kukwama baadaye. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba neno hilo litumiwe kwa uangalifu.

Hata lile sharti lina ila yake. Kipengele ambacho masharti yake hayajatimia hutoweka kwenye menyu. Mtu hukitafuta asikione, akadhani hakipo. Nitaambiwa: abonyeze mkwaju, atafute, ataonyeshwa masharti yote. Ni kweli, lakini sharti kwanza alijue jina la kile asichokiona!

Je, huo ndio urahisi? Kumficha mtu mlango si kumrahisishia njia, na kumsukuma katika chumba kisicho na sakafu si kumsaidia. Chombo na kiseme waziwazi: hiki hakipatikani kwa sababu kile hakijawashwa, ukikitaka, washa hiki na hiki. Kisha mwenye mashine aamue mwenyewe.