Shule zifunze kuuamsha moyo uliosimama

Mnamo Juni 12, 2021, mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama mechi ya Kombe la Mataifa ya Ulaya baina ya Denmark na Finland walishuhudia jambo lililowatia baridi. Kiungo stadi wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani mjini Copenhagen pasipo kuguswa na mtu yeyote. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Wachezaji wenzake walimzingira ili kumsitiri. Matabibu walimkandamiza kifua, kisha wakautia moyo wake umeme kwa mashine. Alipokuwa akiondolewa uwanjani alikuwa amerejewa na fahamu. Siku 1,100 baadaye, Juni 16, 2024, mchezaji huyo huyo aliifungia nchi yake bao dhidi ya Slovenia katika kombe lilo hilo.

Wapenzi wa soka barani Afrika hawakukosa kukumbuka msiba wao. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alianguka vivyo hivyo mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mashirikisho dhidi ya Colombia. Yeye hakuinuka tena.

Wengi waliyaona yaliyompata Eriksen kuwa muujiza. Kwa maoni yangu, kuyaita hivyo ni kujinyima funzo. Muujiza haufundishiki, ilhali yale waliyoyatenda matabibu wale yanaweza kufundishwa kwa saa chache, na yanaweza kufundishwa darasani.

Kwanza yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba. Mgonjwa huumwa na kifua, hutokwa na jasho, lakini aghalabu huwa angali anapumua na kuzungumza. Moyo kusimama ghafla ni hali nyingine. Mgonjwa huanguka, hasikii akiitwa, wala hapumui kama ilivyo kawaida. Mshtuko wa moyo waweza kuleta hali hii ya pili, lakini si kitu kimoja.

Mara nyingi moyo unaosemekana kuwa umesimama huwa bado unatetemeka ovyo, kama bendi ambayo kila mpiga ngoma anapiga mdundo wake. Mtetemeko huo hausukumi damu. Umeme wa mashine huunyamazisha moyo kwa kitambo kidogo sana ili uweze kuanza upya kwa mpigo mmoja. Mashine yenyewe wataalamu huiita difibrileta, na ile iliyotengenezewa watu wa kawaida hutambulishwa kwa herufi AED.

Mwaka 1965, daktari Frank Pantridge wa Belfast aliunda mashine ya kwanza ya aina hii iliyoweza kubebwa ndani ya ambulensi. Ilikuwa na uzani wa kilo 70 hivi na ilitumia betri za gari. Siku hizi mashine hiyo hutosha kwenye mkoba wa mwanafunzi. Isitoshe, husoma mapigo ya moyo yenyewe, huamua yenyewe iwapo umeme unahitajika, na humweleza mwokoaji kwa sauti afanye nini.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini katika jambo hili huua. Kila dakika inayopita kabla ya mgonjwa kukandamizwa kifua na kutiwa umeme hupunguza uwezekano wake wa kupona kwa asilimia saba hadi kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu walinzi wa majumba ya kamari nchini Marekani ulionyesha jinsi dakika zilivyo na thamani. Miongoni mwa wagonjwa walioonekana wakianguka na kutiwa umeme katika muda wa dakika tatu, asilimia 74 walipona. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo walipona asilimia 49. Waokoaji hao walikuwa walinzi, si madaktari.

Sasa tuje nyumbani. Chukua siku ya mashindano ya riadha katika shule yoyote nchini. Mwanafunzi anaanguka karibu na utepe. Umati unamzunguka. Mmoja anataka amwagiwe maji, mwingine anataka apepewe, wa tatu anakimbia kutafuta gari la mwalimu mkuu. Dakika kumi zinapita na hakuna aliyemgusa kifua. Baadaye tutasema kwamba siku yake ilikuwa imefika. Je, ilikuwa imefika, au tulikuwa hatujui la kufanya?

Kinachowazuia wengi ni hofu, na hofu hiyo ina maswali mawili. Je, umeme huu hautaniua mimi? Je, sitamuua mgonjwa?

Swali la pili ndilo rahisi. Mashine haikubali kutoa umeme mpaka itambue kwamba moyo unatetemeka ovyo au unakwenda mbio kwa namna isiyosukuma damu. Moyo unaopiga vizuri hautatiwa umeme. Hata ule ulionyamaza kabisa hautatiwa, kwa kuwa umeme hauwezi kuufaa. Naye mgonjwa ambaye moyo wake umesimama hana hali mbaya zaidi ya hiyo anayoweza kutiwa. Hata hivyo, mashine isifungwe kwa mtu anayesikia na kupumua vyema.

Swali la kwanza lina jibu fupi: mtu asimguse mgonjwa wakati umeme unapotolewa. Mwaka 1999, watafiti nchini Marekani waliwapa wanafunzi wa darasa la sita, ambao hawakuwa wamefunzwa, mashine hii ili waitumie katika zoezi la kuigiza. Walichukua wastani wa sekunde 90 kufikia kutoa umeme, ilhali wahudumu wa ambulensi walichukua sekunde 67. Hakuna mtoto hata mmoja aliyemgusa "mgonjwa" wakati wa umeme. Ikiwa watoto wa umri huo waliweza, mwalimu mwenye shahada atakosaje kuweza?

Basi na tuutazame utaratibu wenyewe. Anayemwona mtu ameanguka ahakikishe kwanza kwamba mahali hapo pana usalama, kisha amwite na kumtikisa mabega. Asipoitika, na asipopumua kama kawaida, moyo uhesabiwe kuwa umesimama. Mgonjwa anayetweta mara moja moja kama anayekoroma asituhadae. Huko si kupumua. Mtu mmoja apige simu 999 au 112, mwingine akimbilie mashine, na wa tatu aanze mara moja kukandamiza katikati ya kifua. Akandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Mashine ikifika, iwashwe na sauti yake ifuatwe. Kifua kiachwe wazi. Ikiwa mgonjwa amelowa kwa mvua au ametolewa majini, aondolewe kwenye dimbwi na kifua kipanguswe kikauke, kwa maana maji yaweza kuupotosha umeme ukapita juu ya ngozi badala ya kuufikia moyo. Kibandiko kimoja huwekwa chini ya mtulinga wa kulia, na cha pili ubavuni upande wa kushoto, chini ya kwapa. Picha zilizochorwa kwenye vibandiko huonyesha mahali penyewe.

Mkufu usogezwe kando. Kibandiko cha dawa kikiwapo kifuani kibanduliwe na mahali pake papanguswe. Uvimbe mdogo mgumu chini ya ngozi ni ishara kwamba mgonjwa ana kifaa kilichopandikizwa cha kuendesha mapigo ya moyo. Vibandiko visiwekwe juu yake, bali kando. Mtungi wa oksijeni usogezwe mbali, na mashine isitumiwe palipomwagika petroli au palipovuja gesi. Mtoto wa chini ya miaka minane huwekewa vibandiko vya watoto. Visipopatikana, vya watu wazima hutumika, kimoja kifuani na kingine mgongoni, ili visigusane.

Mashine inaposoma mapigo, kila mtu akae kando, kwani hata kumtikisa mgonjwa kwaweza kuikanganya. Ikiwa mgonjwa yumo garini, gari lisimame. Kabla ya umeme, mwokoaji apaze sauti, "Kaeni kando!" Amtazame mgonjwa kutoka kichwani hadi miguuni, ahakikishe hakuna aliyemshika mkono wala mguu, ndipo abonyeze kitufe. Zipo mashine ambazo hutoa umeme zenyewe pasipo kubonyezwa. Hizo zataka tahadhari hiyo hiyo.

Umeme ukishatoka, mikono irudi kifuani papo hapo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani husimama na kungoja mgonjwa afumbue macho. Mashine isizimwe wala vibandiko visibanduliwe. Itasoma mapigo tena baada ya kila dakika mbili. Kazi iendelee mpaka mgonjwa aanze kupumua vizuri au wahudumu wa afya wafike.

Lipo jambo moja ambalo huonewa aibu kulitaja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mioyo inaposimama hadharani, wanawake hukandamizwa kifua na wapita njia mara chache kuliko wanaume: asilimia 39 kwa 45. Haya huchelewesha mikono. Katika jamii yetu inayothamini sitara, hatari hiyo si ndogo. Dawa yake tunayo: akina mama wawili wakiishika leso kama pazia, heshima ya mgonjwa italindwa naye ataokolewa. Wachezaji wa Denmark walifanya vivyo hivyo kwa miili yao.

Najua pingamizi litakalotolewa. Bei ya mashine hii mara nyingi hupita shilingi 100,000, na zipo shule ambazo hazina madawati ya kutosha wala maji ya kunywa. Ni kweli, na sidai kila shule ya msingi iuze ng'ombe inunue difibrileta. Viwanja vya michezo, vituo vikubwa vya mabasi, vyuo na shule zenye maelfu ya wanafunzi ndivyo vianze. Lakini mikono haina bei. Kukandamiza kifua hakuhitaji zabuni wala kibali, na pasipo mikono hiyo mashine haifui dafu.

Aidha, kununua si kumaliza kazi. Tumeona vizimamoto vilivyotundikwa ukutani miaka nenda miaka rudi pasipo kukaguliwa. Betri ya mashine hii huisha, na vibandiko vyake huharibika vinapopitisha muda wake. Lazima awepo mtu mwenye jukumu la kuitazama taa yake ya ishara kila mara. Hali kadhalika, mashine iliyofungiwa ofisini na ufunguo wake ukawa mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini ni sawa na kutokuwapo. Na anayenunua aulize itazungumza lugha gani. Kama waokoaji watakuwa bawabu na mpishi, kwa nini isiwasemeshe kwa Kiswahili?

Turudi Denmark, kwa kuwa huko ndiko tulikoanzia. Eriksen aliokolewa na matabibu, lakini nchi yake ilikuwa imekwisha kutambua kwamba matabibu hawawezi kuwa kila mahali. Mwaka 2005, mafunzo ya kukandamiza kifua yalifanywa ya lazima katika shule za msingi, na mwaka uliofuata kwa wanaotafuta leseni ya udereva. Mwaka 2001, ni asilimia 21 ya wagonjwa walioangukia nje ya hospitali waliosaidiwa na watu waliokuwa karibu. Kufikia 2010, walikuwa asilimia 45. Katika kipindi hicho, waliokuwa hai siku 30 baada ya kuanguka walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Yapo mambo mengine yaliyochangia, lakini hakuna awezaye kusema kwamba madarasa hayakuwa na mkono wao.

Mnamo 2015, Shirika la Afya Ulimwenguni liliunga mkono pendekezo kwamba wanafunzi wafunzwe kufufua wagonjwa kwa saa mbili kila mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Saa mbili! Ni muda mfupi kuliko mechi moja ya soka pamoja na safari ya kuifuata.

Kifungu 43(2) cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni haki njema, lakini katika dakika ya kwanza hakuna daktari wala hospitali ya kuitimiza. Yupo mwalimu wa zamu, yupo kiranja, yupo mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma. Ikiwa hao hawajui kitu, haki hiyo itabaki karatasini.

Kwa hivyo wizara inayohusika iyaweke mafunzo haya katika ratiba na katika vyuo vya ualimu. Lakini walimu wasingoje waraka. Skauti na wahudumu wa Shirika la Msalaba Mwekundu hawakosekani nchini, waalikwe. Mto uliojazwa nguo kuukuu watosha kwa zoezi la kwanza la mikono. Na kabla ya mashindano yajayo ya riadha, kila mwalimu wa michezo ajiulize mambo matatu: nani atapiga simu, nani atakandamiza kifua, na mashine ya karibu iko wapi, kama ipo. Majibu hayo yapatikane mapema, kabla mtoto wa mwenzetu hajaanguka karibu na utepe.