Mvuke ni Bure, Mkorogo Ndiyo Biashara

Kila msichana aliyepita Owino ameshaambiwa hivi, na siku hizi hata vijana wa kiume wanaambiwa: "Jifukize kwanza, vinyweleo vifunguke, halafu paka hii." Hii ni kopo dogo. Pengine lina jina, pengine ni krimu iliyochotwa kwenye ndoo na kufungwa kwenye kaveera, bila jina, bila tarehe, bila kitu. Unapewa na maelekezo kabisa kama uko kwa daktari: beseni, maji ya moto, taulo kichwani, dakika kumi, ndipo upake.

Sisi tunasema beseni ni letu, kopo si letu. Vitu hivi viwili vimefungwa pamoja makusudi, ili ukiamini kimoja uamini na cha pili.

Kujifukiza hatukufundishwa na muuza krimu. Mama zetu wa Bukavu na Goma walitufunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi kabla hatujajua neno "skincare". Dada zetu wa Sudan wana dukhan yao, moshi wa mti wa talh. Wasomali wana uunsi nyumbani. Watu wa pwani wanafukiza udi na kumsinga bibi harusi. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, Tanzania nzima ilikuwa inazungumzia nyungu. (Kwamba nyungu haiui kirusi ni habari nyingine, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa inafanywaje.) Kwa hiyo mtu asije na beseni la plastiki akajifanya ametuletea ustaarabu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mvuke wenyewe, maana hatutaki kubishana na uongo kwa uongo. Vinyweleo si milango. Havina msuli wa kuvifungua na kuvifunga. Mvuke unalainisha ngozi ya juu, unalegeza mafuta na uchafu, damu inakuja karibu, uso unang'aa kwa muda. Ni raha, na inasaidia kunawa vizuri. Basi. Hauponyi chunusi, na haumfanyi mtu mweupe. Tena ngozi yetu ikiungua au ikikasirishwa inaacha alama nyeusi, kwa hiyo anayejifukiza kila siku na maji yanayotokota anaweza kujitengenezea mwenyewe yale madoa anayotaka kuyatoa. Halafu anarudi Owino kutafuta krimu ya madoa. Mnaona mzunguko ulivyo mtamu kwa mwenye kopo?

Ila jambo linalotukasirisha zaidi ni huo mpangilio. Ngozi iliyopashwa moto na kulowa inanyonya dawa zaidi kuliko ngozi kavu. Muuzaji anajua hivyo, au aliyemfundisha anajua, ndiyo maana anakwambia "itashika haraka". Ni kweli, itashika. Swali ni nini kinachoshika. Katika krimu za kuchubua kuna mambo matatu yanayorudi kila mara. Kuna zebaki, ambayo inaharibu figo na inapita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kuna haidrokwinoni, ambayo daktari wa ngozi anaweza kuitoa kwa kipimo na kwa muda, lakini ukiipaka kiholela mwaka baada ya mwaka inaweza kukuletea weusi wa rangi ya bluu mashavuni usiotoka. Na kuna steroidi kama klobetasoli, dawa kali ya hospitali inayofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha kupaka uso unawaka, kwa hiyo unarudi kununua. Mteja wa steroidi haondoki, amefungwa.

UNBS, shirika la viwango la Uganda, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Rwanda polisi walipita madukani mwishoni mwa 2018 kuviondoa. Dunia nayo ilikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa 2013. Karatasi zipo nyingi sana, na kopo bado lipo.

Wakongo wenzetu, sisi hapa tuna silaha ambayo hatuitumii: tunasoma Kifaransa. Makopo mengi yameandikwa Kifaransa, na neno *éclaircissant* halihitaji mkalimani. Zebaki tafuta *mercure*, *mercurio*, *calomel*. Na kama lebo inakuonya krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini, jiulize mwenyewe: krimu ya uso ina ugomvi gani na pete yangu? Hiyo ni dalili ya zebaki. Lisilo na lebo kabisa halijadiliwi.

Tunajua kwa nini watu wananunua, na hatutaki kuwasikia wale wanaocheka. Ukitafuta kazi ya kupokea wateja mjini, ukitaka kuolewa, ukitaka tu usiulizwe unatoka wapi kila ukifungua mdomo, unaambiwa rangi itasaidia. Halafu ukishajichubua, walewale wanasema "si unawajua Wakongo". Hatutabebeshwa yote mawili.

Na wapo wenzetu wanaouza. Hatuwataji, hatuwatukani. Aliyekaa Kampala badala ya settlement anajitegemea: kodi ya muzigo ni yake, unga ni wake, na krimu ni mzigo mwepesi unaobebeka kwenye beseni kichwani kutoka Kikuubo hadi Katwe. Lakini ndugu zetu, angalieni vidole vyenu. Anayekoroga mkorogo kwa mikono mitupu anakunywa sumu hiyo kila siku bila hata kuwa mteja. Na msako ukija, anayepoteza mali ni mwenye beseni. Aliyeingiza katoni hayupo pale. Kwa hiyo tunaposema krimu hizi ziondoke, tunataka waanze na katoni, si beseni.

Sasa zamu ya marafiki zetu wa mashirika, kwa heshima. Mnaleta mafunzo ya saluni, na tunashukuru, wengi wamepata pa kuanzia. Lakini kijana anamaliza miezi mitatu anajua kusuka, kusafisha uso, kufukiza mteja kwa mashine, anapewa cheti na picha, na hakuna siku hata moja aliyofundishwa kusoma lebo. Mmemfundisha kulainisha ngozi ya mtu, hamjamwambia asiweke nini juu yake. Tunaomba saa mbili tu katika hiyo miezi mitatu. Na ziwe kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali, Kiarabu na Kitigrinya, si bango la Kiingereza lililobandikwa ofisini nyuma ya mlango. Pia mtuache na hili neno "luxury". Mtu aliyekimbia vita ana haki ya kutaka uso wake uwe mzuri siku ya Jumapili. Mnapodharau hitaji hilo mnamwachia muuza kopo awe mtu pekee anayelichukulia kwa uzito.

Kwa anayetaka kujifukiza, jifukize. Hatukatazi. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja na watoto, sigiri iko karibu na mlango, hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo kabla hata ya krimu: maji ya moto yakimwagika yanamchoma mtoto. Toeni watoto nje. Chemsha, epua, mimina kwenye beseni lililokaa chini imara, subiri moshi mkali upungue. Uso uwe mbali kiasi cha kutoka kiwiko hadi kiganja, macho yafumbe, dakika tano zinatosha, mara moja kwa wiki. Ukihisi kuchoma, toka, ngozi haishindani. Ukiwa na ukurutu au chunusi zilizovimba, acha kabisa. Ukimaliza nawa na maji ya kawaida, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka vaselini kidogo au mafuta uliyoyazoea, tena yenye jina.

Na ambaye ameshatumia krimu kwa miezi na uso unawaka akiacha, asikae nayo peke yake chumbani kwa aibu. Mulago kuna kliniki ya ngozi. Beba kopo lenyewe ulionyeshe, hata kama lebo imechanika. Kama shida ni lugha, tuandikie kwenye group, mmoja wetu atakusindikiza. Tunapanda taxi asubuhi mapema, maana foleni ni ndefu.