Raba na Miguu Mipana

Sisi wenye miguu mipana, raba zikitubana, huambiwa tuchukue namba kubwa zaidi. Hili ni kosa. Namba hupima urefu. Kisigino hucheza, na vidole bado vimebanwa. Muhula uliopita niliacha mbio za mita 5,000 kwa malengelenge, zikiwa zimebaki duru mbili tu. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwani viatu alivyojaribu havikumkaa vizuri. Lakini njia yetu ina kokoto!

Anayetununulia raba achore kwanza nyayo zetu karatasini, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Soli laini ni njema, lakini ikipungua upana kuliko mchoro, mguu hukanyaga ukingo na ulaini wote ni bure. Za kiume zenye alama 2E ni pana, 4E pana zaidi. Aziulizie hizo kabla ya kutazama rangi.