MCHORAJI NAYE APEWE KITI UKUMBINI

Naomba nafasi katika jarida hili la chama chetu niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita. Jambo lenyewe ni hili: mwanafunzi anayetaka kuchora wakati mchezo wa kuigiza unaendelea jukwaani aruhusiwe kuchora, tena apewe kiti mahali pazuri, si kufukuzwa kama mwewe aliyeonekana karibu na vifaranga.

Mtakumbuka kwamba kundi la waigizaji lilikuja kutuigizia Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege tunayoisoma darasani. Tuliagizwa twende na kalamu na daftari ili tuandike sifa za wahusika. Vyema kabisa. Lakini aliyeandika "Sara ni mvumilivu" alisifiwa, na mwenzangu aliyekuwa akimchora Sara alinyang'anywa daftari na kuambiwa ati anacheza. Jameni! Kuandika ni kazi, kuchora ni mchezo?

Hebu niwaeleze kilichokuwa katika daftari lile. Mama aliyeigiza Sara alikuwa na jambo moja alilolirudia. Kila alipotaka kuketi, aliishika meza kwanza kwa mkono wa kushoto, akatulia kidogo kama anayehesabu, ndipo akaketi. Hakusema neno. Ugonjwa wote wa Sara ulikuwa katika mkono ule. Mwenzangu alikuwa ameuchora mara tatu katika ukurasa mmoja, kila mara vidole vikizidi kujikunja. Baadaye darasani niliwauliza walioandika noti kurasa nne, "Mliuona ule mkono?" Wakaniuliza, "Mkono gani?" Walikuwa wameinamia daftari wakitafuta jinsi ya kuendeleza neno "mstahimilivu". Sasa niambieni, nani alikuwa akitazama mchezo na nani alikuwa akicheza?

Najua kuna watakaosema kwamba anayechora hasikilizi. Mimi nawajibu hivi: tazameni waamuzi katika tamasha la michezo ya kuigiza la shule na vyuo. Huketi na karatasi mbele yao wakaandika mchezo mzima, na mwishowe ndio wanaojua nani aligeukia watazamaji mgongo na nani alisahau maneno. Hakuna aliyewahi kuwaambia wanacheza. Wengine watasema mchoraji atawasha tochi na kuwasumbua walio karibu naye. Lakini sisi ni shule ya kutwa. Michezo yetu huigizwa alasiri katika ukumbi wa maakuli, madirisha wazi, jua linaingia hadi kwenye meza za nyuma. Tochi ya nini?

Isitoshe, isidhaniwe kwamba kuchora ukumbini ni utundu wa watoto wa shule. Mwalimu wetu wa sanaa ana kitabu kikubwa cha michoro ambacho huniruhusu kukisoma saa za chakula cha mchana, na humo nimekutana na wazee wa kazi hii. Mmoja ni Edgar Degas wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufariki 1917. Huyu alikuwa mteja wa kila mara wa jumba la opera la Paris. Opera ni mchezo ambao waigizaji huimba badala ya kusema, na pale Paris kulikuwa pia na wacheza dansi. Degas alitembea na madaftari madogo, akachora haraka haraka, kisha akaenda kutengeneza picha kubwa katika chumba chake cha kazi. Karibu mwaka 1870 alitoa picha moja ya wanamuziki wa opera. Ukiitazama utacheka. Wanamuziki wamejaa mbele na ala zao, na nyuma yao wacheza dansi wanaonekana miguu, marinda na mikono tu. Vichwa havipo! Vimekatwa na ukingo wa picha. Wengine wataona ni kasoro, lakini ndivyo anavyoona mtu aliyeketi viti vya mbele kabisa. Alichora kutoka kwenye kiti, si kutoka mbinguni.

Basi mwaka 1873 jumba lile likashika moto na kuteketea. Wafaransa walikuwa wakijenga jingine, ambalo lilifunguliwa 1875 na lipo hadi leo. Lakini Degas aliendelea kuchora lile la zamani hata baada ya kuwa majivu. Aliwezaje? Ni kwa sababu lilikuwa machoni mwake na katika madaftari yake, ambayo mengi yamehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani walikuwa wakifikiria madeni ya dukani, lakini mchezo wa kuigiza nao ni mali.

Mwingine ni Al Hirschfeld wa Marekani. Huyu alichora waigizaji wa New York kwa zaidi ya miaka 70, michoro yake ikichapishwa katika gazeti la New York Times. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa na giza, alijizoeza kuchora bila kutazama karatasi, hata penseli ikiwa ndani ya mfuko wa koti! Akifika nyumbani aliunganisha vijistari vile na kumbukumbu yake, akatoa mchoro safi wa wino. Alifariki Januari 2003, miezi michache tu kabla hajatimiza miaka 100, na mwaka huohuo jumba moja la michezo pale New York likapewa jina lake. Yaani mtu ambaye hakuigiza amepewa jumba la waigizaji. Wanaodharau penseli wayafikirie hayo.

Turudi nyumbani. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, pamoja na Ngugi wa Mirii. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa pale pale. Mwezi wa Novemba mwaka huo serikali ikaupiga marufuku, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Maneno ya mchezo yapo, unaweza kuyasoma hata leo. Lakini maneno si mchezo mzima. Mama mkulima, ambaye hajawahi kupanda jukwaani, alisimamaje siku ya kwanza? Watu waliokuwa wameketi walifanya nini alipofungua kinywa? Ningetoa nauli yangu ya wiki nzima nione daftari la mtu aliyekuwa ameketi pale na penseli siku ile.

Sasa wewe msomaji utaniuliza, "Je, picha za kamera?" Sisi wanafunzi simu haziruhusiwi shuleni, na silalamiki. Kwa hiyo picha zetu hupigwa na yule mpiga picha anayekuja na kutuuzia. Yeye naye anatafuta riziki, kwa hivyo hungoja mchezo uishe, akawapanga waigizaji mstari mmoja, wafupi mbele, warefu nyuma, na kikombe katikati kama tumekishinda. Wote wanatabasamu, hata yule aliyeigiza maiti. Picha hiyo inamwambia mama yangu kwamba nilikuwepo, lakini haimwambii chochote kuhusu mchezo. Akijaribu kupiga mchezo ukiendelea, mwanga wa kamera humpiga mwigizaji machoni katikati ya maneno, akapepesa na kupoteza mstari. Penseli haijawahi kumfumba mtu macho.

Nimekuwa nikichora ukumbini kwa mwaka mmoja sasa, chini ya meza saa zingine, na ningependa kuwadokezea wanaotaka kujaribu. Usianze na uso. Uso ni mtego. Wewe utakuwa ukihangaika na pua huku mwigizaji ameshavuka jukwaa na kuolewa. Anza na mgongo: umenyooka au umepinda? Halafu uzito wa mwili umelalia mguu upi. Kisha mikono. Uso ukibaki duara tupu, hakuna ubaya, maana mgongo ukiwa sahihi watu watamtambua tu. Raba iache nyumbani, kwani ukianza kufuta umeshapitwa. Penseli ya HB tunayonunulia hesabu hutoa mstari mwembamba, lakini ukiinyima kichongeo ikawa butu, inafaa. Rangi ziandike kwa maneno: "leso nyekundu", "kofia ya baba imechakaa". Daftari la kurasa 96 ukilikata katikati linatosha kwenye kiganja na halimzuii aliye nyuma yako.

Ngoma ya ubunifu ndiyo rahisi zaidi kuanzia. Hatua hurudi. Mara ya kwanza unapata miguu, mara ya pili mabega, mara ya tano unaona kwamba msichana wa mwisho upande wa kulia huchelewa kidogo kila mara, na kuchelewa kwake ni kutamu kuliko kuwahi kwa wengine. Mchezo wa kuigiza haukupi nafasi hiyo. Jambo likishapita limepita. Ndiyo maana mchoraji aruhusiwe pia kuingia wakati wa mazoezi, ili ajue meza iko wapi na nani atatokea mlango gani, siku yenyewe asishtuke.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Mwigizaji mmoja wa Kidato cha Nne aliona mchoro wake ukutani darasani akakasirika vibaya sana. "Mbona umenichora na shingo kama ya twiga?" Alikuwa na haki yake. Yeye alijitolea kusimama mbele ya shule nzima, na mwenye penseli alikuwa ameketi salama. Maoni yangu ni kwamba mchoro usibandikwe wala kuchapishwa kabla mwigizaji hajauona. Akikataa, basi ubaki daftarini. Lakini asimlazimishe mchoraji abadilishe shingo. Kama siku ile shingo ilirefuka kwa sababu ya hasira za mhusika, ilirefuka. Kumchora mwalimu aliyeketi viti vya mbele akisinzia, hilo nakubali ni jambo jingine, na adhabu yake tunaijua sote.

Kwa hiyo naomba hivi. Mlezi wa chama chetu atutengee viti viwili pembeni, safu ya tatu, kabla ya timu yetu kwenda mashindanoni muhula ujao. Viti viwili tu, si darasa zima. Watakaoketi pale wawe wamehudhuria mazoezi angalau mara mbili, na mchezo ukiisha wamwonyeshe mwalimu madaftari yao, kama vile wengine wanavyoonyesha noti. Naye mhariri atupe kurasa mbili za katikati katika toleo lijalo. Karatasi nimeshakata. Penseli nitanunua mwenyewe.