Je, Makosa ya Kupima Hujifuta?

Mtahiniwa, usiingie maabara na imani ambayo wanafunzi wangu hapa Sekei huniletea kila mwaka: "Mwalimu, rula ni ileile, kwa hiyo kosa litajifuta." Mimi nasema si kila mara.

Tuseme rula imelika mwanzoni, na kila urefu unaousoma umezidi kwa sm 0.5. Springi bila mzigo inasomeka sm 10.5, ikiwa na mzigo, sm 14.5. Ukitoa, ongezeko ni sm 4.0, nalo ni sahihi. Ukigawanya, unapata 1.38 badala ya 1.40. Kosa bado lipo.

Saa inayochelewa kwa asilimia 2 ni kinyume chake: ukigawanya muda kwa muda, kosa linafutika, ukitoa, linabaki.

Kwa hiyo, kwenye pendulamu, usitafute g kwa jozi moja ya vipimo. Chora grafu ya urefu na mraba wa muda wa bembeo moja. Kosa la rula litasogeza mstari, lakini mteremko hautabadilika. Ila ukibadili rula katikati ya jaribio, hata grafu haitakuokoa.

Kabla ya kusema kosa limejifuta, jiulize: limejumlishwa, au limezidishwa?