Jicho likiumia, usiseme "tuone kesho"



Sisi watu wa Minago, kati ya Bujumbura na Rumonge, tunaishi kwa ziwa na kwa michikichi. Usiku wavuvi wako majini wakitafuta ndagala na mikeke. Mchana wengine wanakata mawese, wanapika sabuni, wanapasua kuni au wanachomelea vyuma. Kila kazi hapa inaweza kuliumiza jicho. Lakini kwa maoni yangu, mara nyingi jicho haliharibiwi na jeraha peke yake. Linaharibiwa na yale tunayoyafanya nyumbani baada ya jeraha: kulisugua, kulitia dawa tusiyoijua, na kusema "tuone kesho".

Tazama mfano wa Bhaktapur, nchini Nepali. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kumpa kila aliyekwaruzwa jicho dawa ya kupaka ya kloramfenikoli kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya watu 284 walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha jicho. Kati ya 49 waliokuja baada ya saa 24 hadi 48, watu 7 walipata. Dawa ni ile ile. Kilichotofautiana ni saa.

Basi tujue aina za majeraha, kwa sababu kila moja lina njia yake.

1. Mkwaruzo. Mwiba au jani la mchikichi, mchanga, kibanzi cha kuni. Usisugue. Suuza kwa maji safi, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mkwaruzo wa mmea unaweza kuingiza ukungu ndani ya jicho, na matone yenye steroidi uliyopewa na jirani huuzidishia ukungu huo nguvu.

2. Kemikali. Soda kali ya sabuni, chokaa, simenti. Hapa usikimbilie hospitali kwanza, kimbilia maji! Fungua kope, mimina maji safi mengi kwa nusu saa nzima, ndipo uende. Usitie ndimu wala siki kwa kudhani itaua makali. Kila anayepika sabuni aweke ndoo ya maji safi karibu naye kabla ya kuanza.

3. Kutobolewa. Ndoana, waya, kijiti cha mtoto. Hapa ni kinyume: usioshe, usikandamize, usichomoe kilichoingia. Funika kwa kikombe kisichogusa jicho, umpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

4. Kupigwa. Mpira, ngumi, jiwe la manati. Ukiona damu ndani ya jicho, au uoni umepungua, mgonjwa apumzike kichwa kikiwa juu, asimeze aspirini, apelekwe hospitali. Asiiname hata katika sijda. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali kwa ishara.

5. Mwanga wa kuchomelea. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku. Kwa kawaida hupoa kwa siku moja au mbili, lakini fundi bila kinga ya uso anacheza na macho yake.

Najua wengine watasema: "Bibi zetu walitia maziwa ya mama na maji ya majani, wakapona." Wako waliopona, na pengine wangepona hata bila kutiwa kitu. Lakini utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta takriban robo ya wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Hatuwadharau wazee wetu; tunalolikataa ni kutia kitu kisicho safi juu ya jeraha bichi.

Wengine watasema nauli ya kwenda Rumonge ni nzito, na kulala bila kuvua ni hasara. Ni kweli. Lakini usiku mmoja wa uvuvi hurudi, jicho halirudi. Kwa hiyo wenye mitumbwi, mvuvi akiumia jicho msimwambie amalize kazi. Mrudisheni ufukweni, na nauli ichangwe kama tunavyochangia msiba.

Nanyi wazazi, angalieni watoto. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya vipofu, alikuwa na miaka 3 mwaka 1812 alipojichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake huko Ufaransa. Jicho lililoumia ni moja, lakini ugonjwa ukaenea hadi la pili, akapofuka yote mawili. Ndoana, visu na soda kali viwekwe juu, mbali na mikono midogo.

Macho ni amana. Tuitunze kwa kuwahi.