Tope Linalolala

Mwezi huu tusemezane na mama na vijana wanaochota maji.

Weka chini ndoo ya maji ya mto, uangalie. Kina chake ni sentimeta 30 hivi. Mchanga mdogo unafika chini mbele dakika moja haijaisha. Vumbi la udongo, ambalo punje yake ina upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, linahitaji karibu saa nzima. Lakini udongo wa mfinyanzi ulio laini kabisa unaweza kushuka kwa siku 4. Siku 4! Halafu mtoto mmoja anatumbukiza kopo mpaka chini, na kazi yote imeharibika.

Na mtoni ni vile vile. Maji yanayopita yanavuta tope la chini. Mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya kuvuta inazidi karibu mara 4. Ndiyo sababu mvua za kwanza, Oktoba ao Novemba, zinageuza mto mweupe kuwa kama chai ya maziwa. Lakini mtaalamu wa Sweden, Hjulström, alionyesha mwaka 1935 jambo la kushangaza: udongo wa mfinyanzi uliokwisha kushikana unahitaji maji ya mbio zaidi kuliko mchanga. Maji peke yake yanashindwa kuuamsha. Miguu ya watu haishindwi, wala jembe. Watu wakiingia mtoni kusukula mawe wanavunja lile tope gumu, na hata maji ya polepole yanalibeba.

Mnajua ziwa Tshangalele, lililotokea mto Lufira ulipozibwa kule Mwadingusha, mwaka 1930. Maji ya viwanda vya Likasi yaliteremka humo miaka mingi. Shaba na kobalti zilishikana na tope, zikalala. Lakini ziwa halina kina kirefu. Upepo unaweza kufika chini na kuliamsha. Hata samaki dume wa tilapia anachimba chini akitengeneza kiota.

Mama mmoja atasema, «Mimi ninachemsha.» Ni vizuri, kuchemsha kunaua vijidudu, na vijidudu navyo vinajificha katika tope. Lakini shaba, kobalti na risasi haviungui. Maji yanatoka kama mvuke, madini yanabaki katika sufuria. Na klorini inachoka haraka katika maji ya tope.

Basi, maji ya kisima cha kawaida uyaache yalale usiku mzima. Asubuhi usichote, inamisha ndoo polepole, mimina katika chombo kingine, na vidole 4 vya mwisho uviache. Halafu chemsha. Lakini mto unaotoka pale wanaposukula mawe, usinywe, hata maji yakiwa meupe kama kioo, maana madini mengine yameyeyuka, hayaonekani wala hayashuki. Tafuta pompi, ao chemchemi iliyo juu ya mahali pa kazi. Iko mbali, najua.

Na wewe kijana unayesukula mawe, sikuambii uache. Najua unga wa nyumbani unatoka huko. Chimbeni shimo pembeni, mbali na mto, sukuleni humo na maji yatulie humo. Wanaochota pale chini ni dada zenu. Lile tope la shimo lisitupwe mtoni, wala karibu na bustani ya lengalenga.